UZI: "Sukari ya zebaki" ya 2018 na namba tuliyosahau kuuliza

1/ Kila siasa za sukari zikipamba moto huku Magharibi, lazima mtu ataje "ile sukari ya zebaki". Kwa watu wa Mayoni, kwenye miwa ya Mumias, stori hiyo ilikuwa ya afya na pia ya soko la miwa yao. Tuirudie polepole, bila majina wala vyama.

2/ Juni 2018 polisi wananasa magunia kwa magunia ya sukari ya magendo. Waziri mmoja anatangaza ina zebaki na shaba. Muda si mrefu, upande mwingine wa serikali hiyo hiyo unakana zebaki. Agosti, Bunge linaitupa ripoti ya kamati zake, huku madai ya hongo yakizagaa.

3/ Sisi mtandaoni tukagawanyika: "ni sumu", "si sumu". Lakini tangu karne ya 16 Paracelsus alishasema kipimo ndicho hufanya kitu kiwe sumu. Mwaka 1983 wanasayansi wa Marekani wakapanga maswali manne yanayotumika hadi leo: Kitu hiki kinadhuru nini? Kwa kiasi gani? Watu wanakipata kiasi gani? Basi hatari ni kubwa vipi?

4/ Kila madini na kesi yake. Shaba, mwili wenyewe unaihitaji kidogo. Risasi ni kinyume: mwaka 2010 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilifuta kiwango chake cha zamani, kwa kuwa haikuona kiasi cha kuita salama.

5/ Zebaki nayo ina aina. Ile iliyoua watu Minamata, Japani, ikagunduliwa 1956, ilikuwa imeingia kwenye samaki, na inashambulia ubongo. Kwa zebaki isiyo ya aina hiyo, kamati iliweka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa wiki.

6/ Haya, hesabu. Mtu wa kilo 60: mikrogramu 240 kwa wiki. Akila nusu kilo ya sukari kwa wiki, atafika hapo sukari ikiwa na mikrogramu 480 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 anayekula robo kilo atafika ikiwa na 240 tu. Yaani sukari ile ile, mtoto anaumia mapema. Na hapo hatujahesabu chakula kingine.

7/ Kwa hiyo maswali ya 2018 yalikuwa: mikrogramu ngapi? Zebaki gani? Magunia mangapi yalipimwa, na yalitoka wapi? "Ina zebaki" peke yake haimsaidii mama anayepika chai.

8/ Na hapa ndipo inauma. Dhahabu ilivuta wazungu Kakamega tangu miaka ya 1930. Mpaka leo wachimbaji wadogo wa kaunti hii hii wanashika zebaki kwa mikono, kisha wanaichoma na kuvuta moshi wake. Hiyo haihitaji waziri kuitangaza, na kwenye mikutano ya kampeni huisikii.

9/ Magendo ni kosa hata sukari ikiwa safi, na mkulima ana haki ya kulindwa. Lakini hofu isiyo na namba humwacha mlaji gizani, na ikikanushwa, hata onyo la kweli kesho halitaaminika. Akisimama mtu jukwaani na neno "sumu", muulize: kiasi gani, na nani amepima?