Vyombo Ndani ya Chombo

Sufuria ni chombo, jahazi nalo ni chombo. Anayehamishia nyumba yake kisiwa cha Pate, kaskazini-mashariki ya Amu (Lamu), hupanga vyombo ndani ya chombo, na Kiswahili hakioni ajabu. Kilichobeba mchuzi na kilichobeba watu vina sharti moja: visivuje.

Siku hizi orodha za wanaohama zimejaa "fenicha" na "vifaa vya jikoni". Fenicha silikatai, limekwisha kuota mizizi. Lakini tunalo samani, ambalo masikioni mwangu hukaa jirani na thamani, na tunalo vyombo, ambalo humkumbusha mwenye mzigo kwamba kabati lake nalo ni abiria mwenye uzito na mahali pake pa kukaa. Mahali hapo pana jina: ngama, tumbo la chini la chombo. Kabati zito likiachwa juu ya shehena badala ya kushushwa ngamani, chombo huinama upande. Afadhali anayehama ajifunze neno ngama kabla hajanunua kamba.

Tendo lenyewe tuliiteje? Uhamiaji limekwisha kuchukuliwa na idara ya pasipoti. Uhamisho lina amri ndani yake: mwalimu aliyepewa barua ya kwenda Kizingitini, kisiwani Pate, hakuhama, amehamishwa, na wasomaji wa Biblia wakilisikia neno hilo huiona Babeli. Uhamaji ni la makundi, la wafugaji na ndege. Kuna kugura, kitenzi kizuri, ila magazeti ya Nairobi yamewakabidhi wanasiasa wanaogura vyama. Kwa familia moja inayofunga mlango Mombasa na kufungua mwingine Siyu, huko huko Pate, napendekeza mhamo, wingi wake mihamo. Limeundwa kwa kiunzi kile kile cha mchezo na msemo, halina ofisi wala amri, na linaulizika kwa urahisi: mhamo wenu lini?

Mzizi huo huo umetupa mahame, mahali palipohamwa. Waandishi wengi huandika "magofu" kwa kila kuta kuukuu za pwani, na hapo tunapoteza kitu. Gofu ni jengo lililobomoka, hata kama wenyewe bado wanakaa jirani. Hame ni mahali ambapo watu waliondoka. Shanga, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ni hame: mji uliokaliwa tangu karne ya 8, ukaachwa katika karne ya 15. Anayepanga kuhamia Pate anakwenda kisiwa kinachojua kuhamwa, na ni heshima ndogo kulijua jina hilo kabla ya kufika.

Kufunga virago sasa ni la timu zinazotolewa mashindanoni. Kirago kilikuwa mkeka wa kulalia, kitu cha mwisho kukunjwa asubuhi ya safari, maana usiku wake mtu bado alikilalia. Ndani ya msemo huu mna utaratibu wa kufungasha ambao hakuna orodha inayoushinda: cha kulalia hufungwa mwisho, na hufunguliwa kwanza.

Tazama pia jinsi kupanga kunavyobeba kazi zote. Mtu hupanga safari, hupanga vyombo, na Mtanzania hupanga nyumba kwa maana ya kulipa kodi. Kisha huja -ua ya kutengua: panga na pangua, funga na fungua, pakia na pakua. Pakua limekuwa la kushusha shehena na la kutoa wali chunguni tangu zamani, na leo ni la kuteremsha faili kutoka intaneti. Mhamo mzima umo katika vitenzi hivi vikisemwa kwa mfuatano wake: kupangua, kufunga, kupakia, kupakua, kufungua, kupanga. Hatuhitaji kuazima neno lolote.

Ila kuna mahali lugha yetu inaumizwa, na nitakaa hapo kidogo. Tafsiri za siku hizi husema "ratiba ya mawimbi" na "nishati ya mawimbi" zikikusudia maji kupwa na kujaa. Wimbi ni kazi ya upepo, huja na kupita mtu akilitazama. Kupwa na kujaa ni kazi ya mwezi na jua: maji huchukua zaidi kidogo ya saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Aliyepewa "ratiba ya mawimbi" ataitazama bahari shwari, aseme hakuna mawimbi, twendeni. Na bahari hiyo shwari, nusu saa baadaye, itakiacha chombo chake juu ya tope na magodoro yake juani. Kosa la istilahi hapa si la mtihani wa darasani tu.

Kitenzi chenyewe, pwa, kina ukoo wa kujivunia. Pwani ni mahali maji yanapopwa; kwa hiyo kila asemaye "mimi ni mtu wa pwani" amekwisha kutaja mwendo wa maji bila kukusudia. Kipwa ni fungu au mwamba unaochomoza maji yakitoka. Aliyekaukiwa na sauti kwa kuimba usiku kucha amepwewa na sauti. Na chombo kilichoachwa na maji kimepwelewa.

Kupwelewa! Magazeti huandika "boti ilikwama", na si uongo, lakini kukwama ni la gari matopeni: hukusanya watu, husukuma, hutoka. Kilichopwelewa hakisukumwi. Kimeachwa na maji, na maji yatakirudia. Dawa yake imo ndani ya jina lake. Mama wa nyumba aliyekaa juu ya mizigo yake katikati ya mikoko akiambiwa "tumekwama" ataingiwa na hofu. Akiambiwa "tumepwelewa" atauliza saa ngapi maji yanajaa, kisha atafungua kapu la chakula.

Nguvu ya maji nayo ina majina mawili ambayo kila anayehama ayafunge kibindoni. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanayojaa sana na kupwa sana. Mombasa tofauti yake hupita mita 3. Sikio la bara husikia mvua ndani yake, lakini bamvua huja hata kiangazi. Maji mafu ni yale ya mwezi nusu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Sipendi vitabu vinapoyaita "maji dhaifu" au "maji ya kiwango cha chini". Mafu ni neno kamili: maji yapo, lakini hayana nguvu ya kukupeleka. Bamvua hukufikisha karibu na mlango wa nyumba, kisha hukuadhibu ukichelewa. Maji mafu hayakuadhibu, ila huenda yasikufikishe.

Hapo ndipo mwezi unapotuchanganya. Tuna neno moja kwa kile kinachong'aa mbinguni na kile kinacholipiwa mshahara, na wengi huhama "mwisho wa mwezi" kwa sababu ya kodi ya nyumba. Bahari haiujui mwezi huo. Tarehe 30 inaweza kuangukia bamvua mwaka huu na maji mafu mwaka ujao. Wapwani hutaja siku za mwezi unaoandama, na napendekeza kila tangazo la safari za visiwani liandike tarehe zote mbili, ya mshahara na ya mwandamo, kama kalenda zetu nyingi zinavyofanya kwa ajili ya Ramadhani.

Na karatasi yenye saa za maji iitwe jedwali la maji. Jedwali limetoka kwenye Kiarabu, ambako jadwal ni safu za maandishi na pia ni kijito. Sijui istilahi nyingine iliyofika kwetu ikiwa tayari imelowa namna hii.

Baina ya kisiwa cha Manda na bara kuna mlango mwembamba uitwao Mkanda, na jina linatosha kuueleza. Kwa desturi vyombo vizito viliupita maji yakijaa. Mji wa Pate wenyewe uko kwenye maji ya kina kifupi. Maji yakitoka, abiria hushukia Mtangawanda na kumalizia kwa miguu. Mahali pa namna hii, ambapo maji ndiyo yanayofungua mlango, hatuna jina moja lililokubalika. Nimeona "jamii ya mawimbi" na kosa lake nimekwisha kulisema. Kiswahili kina kipazasauti na kitindamimba. Basi kitupe kingojamaji, wingi vingojamaji. Mji wa Pate ni kingojamaji. Mtangawanda si kingojamaji. Anayehama akiulizia tofauti hiyo kwa neno moja, hatahitaji maelezo ya nusu saa.

Mahali pa kushukia pia tusiparundike chini ya jina moja. Bandari ni pa meli na forodha. Gati limejengwa, na Mokowe, upande wa bara, watu husema jeti. Lakini ufuko ambao chombo huegemea tu na watu wakaingia majini na mizigo vichwani ni diko. Zanzibar neno hili liko hai, madiko ya samaki yanatajwa hata serikalini. Mwenye jokofu la kubeba ana haki ya kuambiwa mapema kama anakwenda gatini au dikoni.

Majira? Wakati wa kusi kali si wa kuvusha kabati, na hilo wote wanalijua. Ningependa tu turudishe tanga mbili, jina la kipindi kati ya pepo za kusi na kaskazi ambapo tanga laweza kuelekezwa huku na huku.

Sasa neno ninalolipinga moja kwa moja: pembezoni. Taarifa za maofisini huiita Pate "eneo la pembezoni lenye mazingira magumu". Pembezoni mwa nini? Pembe, mzizi wa neno hilo, ni kona, lakini pia ni pembe ya ndovu, na siwa la Pate, baragumu la enzi ya mji huo, lilichongwa kwa pembe za ndovu. Mji uliokuwa na pembe ya namna hiyo hauwezi kuitwa wa pembezoni na mwenye kuijua lugha. Tunalo neno la haki zaidi: ng'ambo. Kila ufuko ni ng'ambo ya mwenzake. Mokowe ni ng'ambo kwa aliyeko Faza, kisiwani Pate, kama Faza ilivyo ng'ambo kwa aliyeko Mokowe. Neno hili hutaja maji yaliyo katikati na halimshushi mtu hadhi.

Ukifika, utauliza maji ya kunywa, na utaonyeshwa jabia. Usiliandike "tangi". Tangi hununuliwa, jabia hukinga mvua na kuiweka, na lina mwenyewe au lina watu wanaoshirikiana. Neno ni la Kiarabu, la hodhi la maji, na visiwa hivi vimelitunza pamoja na kitu chenyewe.

Mwisho ni jina la aliyehamia. Mgeni ni la siku chache. Mwenyeji hupewa na wengine, mtu hajipi. Mlowezi liliharibiwa na wakoloni waliotwaa nyanda za juu za Kenya, na si rahisi kulisafisha. Lakini kitenzi chake, kulowea, hakina hatia. Kulowea ni kukaa ugenini hadi ukapazoea. Tukiache kifanye kazi kama kitenzi: amehamia Siyu, analowea.

Mhamo na kingojamaji ni mapendekezo yangu, yapimeni na myakatae kama hayafai. Mengine mengi yako hai vinywani mwa manahodha wa Faza, Siyu na Kizingitini. Wewe unayefundisha au kufanya kazi huko, yaandike pamoja na sentensi wanamoyatumia, uyapeleke kwa watunga kamusi wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA. Na ukiandika tangazo lako lijalo la safari ya visiwani, futa "mawimbi", andika "maji".