Lateralus (wimbo)

"Lateralus" ni wimbo wa Tool, kundi la Kimarekani lililoundwa Los Angeles mwaka 1990, nao huhesabiwa miongoni mwa tungo za metali ya progresivu zilizofanyiwa uchambuzi mwingi mno, kwa sababu ya hisabati iliyofumwa ndani ya maneno yake na ndani ya mdundo wake. Ulitoka katika albamu yenye jina lilo hilo, iliyotolewa Mei 2001 na kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard, heshima ambayo muziki mzito na mrefu namna hii huipata kwa nadra. Wimbo wenyewe hupita dakika tisa. Sauti ni ya Maynard James Keenan, gitaa hupigwa na Adam Jones, gitaa la besi na Justin Chancellor, na ngoma na Danny Carey.

Metali ya progresivu ni tawi la muziki wa roki ambalo watunzi wake, badala ya kutosheka na mapigo manne manne yanayojirudia tangu mwanzo hata mwisho, hupenda kuyagawa mapigo katika mafungu yasiyolingana. Katika kiitikio cha "Lateralus" fungu la kwanza lina mapigo tisa, la pili manane, na la tatu saba, kisha mzunguko huanza upya. Na msikilizaji asiyezoea hujiona kama mtu ashukaye ngazi ambayo kila kipandio chake ni kifupi kuliko kilichotangulia. Walakini ukijumlisha utapata mapigo 24, sawasawa na mafungu matatu ya manane: pigo lililozidi mwanzoni ndilo lililopunguzwa mwishoni, na hesabu hufungika bila deni. Kwa ajili hiyo mdundo huu, ijapokuwa unasumbua, haumwangushi mtu, na Carey huupiga kwa utulivu wa fundi ajuaye atakapofika. Jina la awali la wimbo lilikuwa hizo tarakimu zenyewe, 9-8-7, na ni baadaye ndipo ilipobainika kwamba 987 ni namba ya kumi na sita katika mfuatano wa Fibonacci.

Mfuatano huo ni ule ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, na kuendelea. Umepewa jina la Leonardo wa Pisa, aitwaye pia Fibonacci, aliyejifunza tarakimu za Kihindi ujanani mwake katika bandari ya Bugia, iliyoko Algeria ya leo, akauandika mfuatano huo katika kitabu chake cha mwaka 1202. Lakini wanavyuoni wa arudhi wa Bara Hindi walikwisha kuutambua kabla yake, walipokuwa wakitafuta ni kwa njia ngapi silabi fupi na ndefu zaweza kupangwa katika mstari wa shairi. Kwa hiyo Keenan alipozitia namba hizo katika mizani ya beti zake hakuzipeleka ugenini.

Mwanzoni mwa ubeti wa kwanza huimba silabi moja, akanyamaza, tena moja, kisha mbili, tatu, tano, nane, halafu hurudi nyuma kwa tano na tatu, na mbele zaidi katika wimbo hupanda hadi 13. Msomaji aliyelelewa na utenzi, ambamo kila kipande kina mizani nane nao utungo husifiwa kwa kutoteleza hapo, atastaajabu kuona mizani ikitanuka na kusinyaa kama kifua kinachopumua.

Maudhui yaafikiana na umbo hilo. Maneno huanza na rangi mbili anazoziona mtoto mchanga, nyeusi na nyeupe, kisha zikaja nyekundu na njano, maana yake utambuzi unapanuka. Na wako wanaozisoma rangi hizo kuwa ni daraja za alkemia ya kale. Kiitikio huonya kwamba kufikiri na kuchambua kupita kiasi hutenganisha mwili na akili, na sehemu ya mwisho humwita mtu aufuate mzunguko wa kizingo, ule unaotanuka daima wala haurudi pale ulipoanzia. Hapa pana jambo la ajabu, kwamba utungo uliopimwa silabi kwa silabi ndio unaokemea upimaji. Lakini dai kwamba watunzi wamejipinga haliniridhishi, kwani hesabu ya wimbo huu hufanya kazi hata kwa asiyeijua, naye huhisi upanuzi kabla ya kupewa sababu.

Baadhi ya mashabiki wamevuka mpaka: wamezipanga upya nyimbo zote za albamu kwa kufuata mfuatano wa Fibonacci, na wengine husema kuwa sauti kuingia karibu na dakika 1 na sekunde 37 ni dalili ya uwiano wa dhahabu, yaani ule unaokaribiwa ukiigawanya namba ya mfuatano huo kwa ile iliyoitangulia. Mambo hayo yafurahisha, ila ni kazi ya wasikilizaji, wala hayapasi kuhesabiwa kuwa makusudi ya watunzi. Atakaye kuufahamu wimbo huu na afuate kwanza ngoma za Carey katika yale mafungu matatu mpaka mwili uzoee, ndipo ashike kalamu ahesabu.