Otele ya Putnam pale Epulu: faida ilibaki kwa nani?

Tukizungumza juu ya turisme hapa Kongo, mara moja watu wanataja Virunga na magorila. Leo turudi Ituri, kando ya mto Epulu. Kule kulikuwa otele ndogo ya familia miaka mingi mbele ya reserve kuundwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Mmarekani mmoja, Patrick Putnam, aliyesoma antropolojia kule Harvard, alijenga kambi pale. Barabara ya kupita porini ilikuwa bado mpya, na wasafiri walihitaji mahali pa kulala. Walikuja kuona pori, nyama wake na Wambuti. Walilala, walilipa, na ile pesa ilisaidia kuendesha dispanseri pamoja na kambi ya wagonjwa wa ukoma. Kisha vita ya pili ya dunia, alikuja bibi yake Anne Eisner, mchoraji wa New York. Yeye alilea watoto wachanga wa Wambuti waliofiwa na mama zao, tena aliandika hadithi za watu wa pale.

Mtu wa agronomi anaangalia kwanza sahani ya mgeni. Akila ndizi na muhogo wa kijiji, franga inabaki kijijini. Akila vya mikebe kutoka Ulaya, inarudi Ulaya. Otele ndogo iko na nguvu hapo, juu inaweza kununua kwa jirani kila siku.

Lakini tusidanganyane. Ile ilikuwa wakati wa ukoloni, na kazi yote ilishikwa na mtu mmoja. Putnam alikufa mwaka 1953. Mwaka uliofuata Anne alirudi kwao, na kambi ikaisha. Dispanseri inayotegemea moyo mzuri wa mwenye otele inazikwa pamoja naye.

Historia iliendelea. Mwaka 1952 kituo cha kukamata okapi kilifunguliwa pale Epulu. Mwaka 1992 Reserve ya Okapi iliundwa, na mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Mwaka mmoja tu kisha, ikaingia kwa liste ya urithi ulio katika hatari. Tarehe 24 juni 2012 Mai-Mai Simba walishambulia Epulu: watu waliuawa, na okapi wote 14 wa kituo walikufa. Nyuma ya shambulio kulikuwa biashara ya pembe za tembo na dhahabu, ambayo walinzi walikuwa wanaizuia.

Kijana wa Mambasa anaona dhahabu inalipa leo. Okapi itamulipa lini? Siku wageni watarudi, otele za kule ziwe za familia za pale pale, makaratasi yakiwa kwa majina yao, na mkataba wa kununua chakula kwa walimaji uandikwe mbele ya kupiga tofali ya kwanza.

Nyinyi wenzangu wa Ituri, munaonaje?