Jina la Waeburoni na Suala la Asili

Je, jina la jamii ni ushahidi tosha wa asili yake? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuwarejelea Waeburoni, kabila la Wabelgae lililoishi hasa baina ya mito Meuse na Rhine, mashariki mwa Ubelgiji ya leo na maeneo jirani.

Habari zao twazipata hasa kwa Julius Caesar, jemadari wa Kirumi. Anasimulia kuwa Waremi walimweleza kwamba Waeburoni ni mojawapo ya makabila manne yaliyoitwa kwa jumla Germani. Kwa Caesar, Germani ni watu wenye asili ya ng'ambo ya Rhine.

Hata hivyo, majina yao yanaelekea kwingine. Wataalamu wengi hulihusisha jina Eburones na neno la Kikelti eburos, mti wenye sumu ambao Warumi waliuita taxus. Caesar mwenyewe anasema kuwa mfalme wao mzee, Catuvolcus, alijiua kwa sumu ya mti huo mwaka wa 53 K.K. Aidha, jina la mfalme mwenzake, Ambiorix, lina kiishio rix, yaani mfalme kwa Kikelti. Lakini wapo wanaolihusisha jina la kabila na neno la Kigermaniki lenye maana ya nguruwe mwitu.

Basi walikuwa akina nani? Kwanza, tutenganishe mambo mawili: Caesar alizungumzia mahali walikotoka, ilhali majina yanatudokezea lugha. Watu huweza kuvuka mto kisha wakachukua lugha ya wenyeji. Pili, shahidi wetu ni adui. Mwaka wa 54 K.K. Waeburoni waliangamiza lejioni moja na nusu ya Warumi, naye Caesar akakusudia kulifuta kabila hilo pamoja na jina lake. Baadaye nchi yao ilikaliwa na Watungri, ambao jina lao lingali katika mji wa Tongeren.

Mtahiniwa anayeandika kuhusu chimbuko la Kiswahili azingatie funzo hili. Jina Kiswahili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, ilhali sarufi yake ni ya Kibantu. Jina hutufungulia mlango wa uchunguzi; halitoi hukumu.