Mdomo wa Duara

Chuoni, tulipokuwa tukijifunza ualimu, tuliambiwa kwamba ajuaye mzingo wa duara amekwisha kujua yote: nusu kipenyo, eneo, na likiwa tufe, hata ujazo wake. Kanuni hiyo niliiandika ubaoni kwa zaidi ya miaka thelathini, wala sikuwahi kuitilia shaka darasani.

Huku Geita neno duara lina maana nyingine. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huliita hivyo shimo lao. Mwaka 1994 duara moja liliporomoka, na ndani yake alikuwamo kijana niliyemfundisha hesabu. Tulisimama mdomoni, upana wake hauzidi hatua mbili, nami nikaombwa nikadirie pa kuchimba. Tukachimba wima siku mbili. Kumbe huko chini vijana walikuwa wamefuata mshipa wa dhahabu kuelekea kando, mbali na mdomo. Siku ya tatu tulimpata, amekwisha kufa. Baba yake aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, hesabu zako hazikukuambia?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo huyatazama mashimo kwa jicho jingine. Kule Mwadui, Shinyanga, ambako mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940, mwamba wenye almasi una eneo la hekta 146 hivi juu ya ardhi, lakini kadiri unavyoshuka ndivyo unavyopungua. Duara la Geita ni kinyume chake: mdomo mdogo, tumbo kubwa.

Lipo shimo la tatu. Mwishoni mwa 1915 mwanafalaki Mjerumani, Karl Schwarzschild, akiwa askari katika vita dhidi ya Urusi, alipata jawabu la kanuni mpya za Einstein kuhusu uvutano. Alifariki Mei 1916, miezi michache kabla Wajerumani hawajapoteza Mwanza na Tabora. Ndani ya jawabu lake ulijificha mpaka ambao kikishauvuka kitu, hata mwanga, hakirudi. Jua letu likisongwa hadi nusu kipenyo cha kilomita 3, litakuwa shimo jeusi la namna hiyo. Mwaka 2022 ulimwengu ulionyeshwa picha ya kivuli cha shimo lililo katikati ya kundi letu la nyota, lenye uzito wa majua milioni 4 hivi.

Je, ndani yake pana ukubwa gani? Mwaka 2015 Marios Christodoulou na Carlo Rovelli walilipigia hesabu swali hilo. Kanuni yangu ya ubaoni haifai humo, maana nafasi yenyewe imepinda. Kwa kipimo walichokitumia, mpaka wa nje hukaa vilevile, lakini ndani nafasi huzidi kurefuka kadiri shimo linavyozeeka, mfano wa njia ya chini ya ardhi isiyokoma kuchimbwa.

Mzee yule alikwisha kututangulia. Angalikuwapo ningalimjibu hivi: sikujua, kwa kuwa nilipima mdomo. Katika shimo jeusi hatoki mtu wa kuulizwa, basi mwanadamu hana budi kukadiria akiwa nje. Lakini siku ile pale Geita, vijana waliokuwa wakishuka katika duara lile kila siku walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mimi, mwalimu, sikugeuka kuwauliza.