Mikoko, Mpunga na Mahakama: Wakazi na Ulinzi wa Delta ya Rufiji, 1898–2011

Mikoko ya delta ya Rufiji, yenye ukubwa wa takribani hekta 53,000, iliingia katika kumbukumbu za dola kama msitu. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani uliitenga kuwa hifadhi, na Waingereza wakaendeleza utaratibu huo. Kilichothaminiwa kilikuwa boriti na magome. Boriti zilipakiwa majahazini kupelekwa Ghuba, kusikokuwa na miti ya kuezekea. Katika mtazamo huo mkazi wa delta alionekana kama mkataji au mlinzi wa mali ya serikali. Ukulima wake haukuwa na nafasi.

Hata hivyo, mpunga ndio uliowaweka watu huko. Wakulima walifyeka mikoko mahali ambapo maji baridi ya mto yalikuwa na nguvu ya kuisukuma chumvi, wakapandikiza miche iliyokwisha kukomaa kidogo ili kaa wasiimalize, wakavuna kwa miaka kadhaa. Magugu yalipozidi, shamba liliachwa, na katika sehemu nyingine mikoko ilirudi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkuu wa mto ulihamia kaskazini. Kusini kukazidi chumvi, kaskazini kukapata maji baridi, na wakulima wakayafuata. Ufyekaji uliofuata katika delta ya kaskazini mara nyingi huelezwa kwa ongezeko la watu pekee. Maelezo hayo ni dhaifu, kwa kuwa yanauacha mto wenyewe nje ya historia yake.

Mgogoro wa kambamiti ndio uliozigonganisha picha hizi mbili waziwazi. Kampuni ya African Fishing Company iliomba kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti katika eneo la takribani hekta 10,000. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Serikali iliuidhinisha mwaka 1997. Wakazi waliokuwa wakipinga walifungua shauri Mahakama Kuu, wakisaidiwa na mawakili wa mazingira wa LEAT, huku waandishi wa habari za mazingira wakilifikisha suala hilo kwa umma. Si kila kijiji kilipinga: ahadi ya ajira ilikuwa na uzito mahali pasipo barabara wala soko la karibu, na mgawanyiko huo haupaswi kufichwa kwa ajili ya kupendezesha simulizi ya umoja. Mwishowe mradi haukujengwa.

Katika mgogoro huo waliopinga walihoji mambo ya kawaida kabisa: ardhi ya nani, mazalia ya samaki yatakuwaje, mpunga utalimwa wapi. Wahifadhi waliowaunga mkono walisikia zaidi neno mikoko. Muungano huo ulikuwa na nguvu kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na adui mmoja; haukuhitaji kukubaliana kuhusu shamba la mpunga, na haukukubaliana.

Tofauti hiyo ilijitokeza baadaye. Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilifungua mlango wa usimamizi wa pamoja, na wanavijiji wakashiriki kupanda mikoko katika mashamba yaliyoachwa. Lakini ramani ya hifadhi haikubadilika. Mwaka 2011 wakulima wa delta ya kaskazini waliondolewa kwa nguvu, vibanda vyao vya shambani vikachomwa. Katika muda wa miaka kumi na minne tu, ukulima ule ule uliokuwa miongoni mwa hoja za kuikataa kampuni ukawa ndio uharibifu wenyewe.

Kwa mtafiti, athari yake ni ya kimbinu. Idadi ya miche iliyopandwa hupatikana kwa urahisi katika ripoti za miradi. Shamba lililoachwa likaota mikoko bila mradi haliandikwi popote, na mkulima aliyeliacha hahesabiwi miongoni mwa waliourejesha msitu.