Ardhi ya Kariakoo na Majina ya Watu Wake

Ndugu zetu wa Kariakoo, mlio nyumbani na mlio mbali,

Karibu sote tunajua kwamba jina la kwetu limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jambo tunalolizungumza mara chache ni kwamba ardhi hii imebadilishwa matumizi kwa amri ya wakubwa mara nyingi, na kila mara kinachopotea upesi ni majina ya watu waliokuwa juu yake.

Wajerumani walipanga upande huu uwe mji wa Waafrika, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili ututenge na Uhindini. Walijenga pia ukumbi wa soko, lakini vita vya 1914 vilianza kabla soko halijafanya kazi. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na hapa pakawa kambi ya wapagazi. Vijana hao walibeba risasi na vyakula kulifuata jeshi kusini, kwa sababu farasi na punda walikufa kwa mbung'o na magari yalikwama kwenye matope. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa.

Vita vilipokwisha, kambi ilifungwa na baadaye ukumbi ukaanza kutumika kama soko. Nairobi nayo ina Kariokor yake, yenye asili hiyo hiyo. Sanamu ya Askari iliyowekwa mjini kwetu mwaka 1927 inawakumbuka wapagazi kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Aprili 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Miaka ya 1970 ukumbi wa zamani ulivunjwa. Msanifu wetu Beda Amuli akachora soko jipya, lile la mapaa yanayofanana na miavuli, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likaungua. Mwaka huo huo machinga waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu na hifadhi za barabara.

Hatusemi kwamba barabara zisisafishwe. Gari la zimamoto haliwezi kupita juu ya meza za viatu. Wala hatusemi soko lisijengwe upya, maana sote tunalihitaji. Tunachosema ni kwamba ardhi inapopanda thamani, mtu asiye na kumbukumbu ndiye huachwa nje. Tuliliona hilo Julai 2024, wafanyabiashara walipolalamika hadharani kwamba majina yao hayamo kwenye orodha ya kurudi sokoni. Katika mzozo wa namna hiyo, stakabadhi ya zamani iliyokunjwa sandukuni huwa na nguvu kuliko miaka thelathini ya kukaa kizimbani.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu tunaiombea kazi ya kuandika daftari la Kariakoo: nani aliishi nyumba ipi, nani aliuza nini na wapi, na familia zipi zina babu aliyekuwa mpagazi. Tutawarekodi wazee wetu wangali nasi. Tutaiomba pia Halmashauri ya Jiji iweke kibao sokoni kinachowataja wapagazi, kwani hakuna haki ya kulibeba jina lao huku wenyewe hawajulikani.

Asiye na fedha alete kumbukumbu. Leseni ya mama, risiti ya ushuru, picha ya kibaraza cha nyumba iliyokwisha kuwa ghorofa: tutainakili na kumrudishia mwenyewe siku hiyo hiyo.